Kamera isitetemeke: namna ya kuchagua stabilizateri bila kupoteza feza ya machimbo

Kila Jumamosi hapa Kisangani, kutoka Mangobo mpaka Kabondo, kutoka Makiso mpaka ng'ambo kule Lubunga, utaona kijana anarudi kinyumanyuma mbele ya maarusi. Mkononi ameshika fimbo fupi. Juu ya fimbo kuko mkono unaojigeuza wenyewe, na kwenye mkono ule telefone imefungwa. Kijana anapita kwenye mashimo ya barabara, anapanda ngazi, lakini telefone inabaki imetulia. Chombo kile njo stabilizateri. Kwenye kartoni wanaandika "gimbal", na vijana wengi wanakiita gimbali.

Swali linalorudi katika familia nyingi ni hili: papa yuko machimboni, mtoto amebaki mjini, na mtoto anaomba dola mia mbili anunue gimbali, aanze kazi ya kupiga video. Papa atume feza ao akatae?

Feza ile haikuanguka kutoka mtini. Imetoka kwenye shimo, kwenye matope na kwenye mgongo wa mtu. Lakini ombi la mtoto nalo si mchezo. Mchimbaji aliye kando ya Bafwasende ao Opala wakati mama yake anazikwa Kisangani, mara nyingi hafiki kwenye matanga. Anachopata, siku nyingi kisha, ni karti memwari iliyoletwa na mtu wa pikipiki. Usiku anakaa chini ya hema lake la plastiki na kuangalia. Kama picha inarukaruka mpaka hatambui nani alibeba jeneza na nani alilia karibu na kaburi, hakuletewa matanga, ameletewa kizunguzungu.

Kwa hiyo tueleze polepole: chombo hiki kinafanya nini, namna gani ya kukichagua, na wakati gani ni heri kubakisha feza mfukoni.

Kinafanya nini, na hakifanyi nini

Wazo lake ni la zamani. Mabaharia walikuwa wakiweka dira ndani ya pete zinazozunguka, moja ndani ya ingine, ili meli ikiyumba dira ibaki sawa. Watu wa sinema walichukua muda mrefu kupata dawa yao wenyewe. Wazee wa Ubundu wamesikia habari ya filamu The African Queen ya mwaka 1951, iliyopigwa kwa sehemu kwenye mto Ruiki, si mbali na mji wao wakati ungali unaitwa Ponthierville. Kamera ya rangi ya wakati ule ilikuwa sanduku zito ambalo mtu mmoja hakuweza kutembea nalo mkononi. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Garrett Brown alitengeneza Steadicam, chombo cha springi na uzito ambacho mpigaji anakivaa mwilini. Watu walikiona kwa mara ya kwanza katika filamu ya mwaka 1976. Kisha mwaka 2013 kampuni ya Freefly ilitoa MōVI, chombo cha mkononi chenye moteri za umeme, na mwaka 2016 DJI ikaleta Osmo Mobile kwa ajili ya telefone.

Ndani ya gimbali kuko sensa ndogo zinazosikia mkono umeinama upande gani. Hapohapo moteri inageuza telefone upande mwingine, kwa kipimo kilekile. Mkono ukienda kushoto, moteri inarudisha kulia, mara nyingi sana katika sekunde moja.

Lakini sikieni vizuri jambo hili, juu wauzaji hawalisemi: gimbali inazuia kuinama na kugeuka. Haizuii kupanda na kushuka. Ukitembea kwa kisigino kizito, picha itapanda na kushuka pamoja na hatua zako, hata kama umenunua chombo cha bei kali. Dawa yake iko kwenye magoti: kunja magoti kidogo, weka kisigino chini polepole, bingirisha mguu mpaka vidole, tembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mama zetu wanaojua kutoka mtoni na ndoo bila kumwaga hata tone wangekuwa wapiga video wazuri kuliko vijana wengi.

Kwanza mizani

Msomaji wetu anayeuza almasi kwenye kontwari anajua: karati 5 njo gramu 1, na hakuna anayenunua jiwe kabla ya kuliweka kwenye mizani. Basi afanye vilevile na gimbali. Swali la kwanza si "marke gani?" Swali la kwanza ni "telefone yangu iko na gramu ngapi?"

Kila gimbali iko na uzito wa chini na uzito wa juu ambao moteri zake zinakubali. Osmo Mobile 6, kwa mfano, inapokea telefone kuanzia gramu 170 mpaka 290, yenye upana wa milimita 67 mpaka 84. iPhone 14 Pro Max peke yake iko na gramu 240. Galaxy S23 Ultra nayo iko karibu na gramu 234. Zote mbili zinaingia. Lakini wengi wetu tunavisha telefone kava nene ya raba, tunabandika nyuma pete ya chuma, kisha tunaongeza taa ndogo ao mikro. Vitu vile vikifika gramu 60, telefone imepita mpaka. Gimbali itaanza kutetemeka yenyewe, moteri zitapata moto, batiri itakwisha mbio, na mwishoni chombo kitajizimisha katikati ya sherehe.

Uzito mdogo kupita kiasi nao unaleta shida. Telefone nyepesi yenye gramu 150 kwenye chombo kinachoomba kuanzia 170 haikai sawasawa.

Kuko gimbali za telefone zinazobeba zaidi: Hohem iSteady M6 inafika gramu 400. Kama mtoto anataka kuweka taa na mikro juu ya telefone kubwa, aangalie upande ule. Kama telefone yake ni ya kawaida na haongezi kitu, hakuna sababu ya kulipia nguvu ambayo hataitumia.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, pima telefone pamoja na kila kitu kitakachokuwa juu yake siku ya kazi. Hauna mizani? Nenda kwa mtu anayepima dhahabu ao almasi, gramu ni gramu.

Hesabu moteri: ziwe tatu

Sokoni kuko fimbo za bei chini zilizoandikwa "stabilizateri" kwa herufi kubwa, na nyingi kati yao ziko na moteri moja tu. Moteri moja inasaidia telefone isilale upande. Basi. Ukigeuka kushoto ao ukiinamisha mkono, inakuacha peke yako. Ni fimbo nzuri ya kujipiga picha, lakini si chombo cha kazi.

Gimbali ya kweli iko na moteri tatu: moja inashika kulala upande, moja kutazama juu na chini, moja kugeuka kushoto na kulia. Usisome kartoni, hesabu kwa kidole. Viungo vitatu vinavyozunguka, kila kimoja na moteri yake ya duara. Ukikuta kimoja, muulize muuzaji bei ya fimbo, si bei ya gimbali.

Kuranti na mvua

Hapa Kisangani tunajua kuranti ni nini: inakuja, inakwenda. Machimboni haikuji kabisa, kuko pano ya jua na jenereta ya PDG. Kwa hiyo batiri ni jambo la kuangalia kwa macho mawili.

Watengenezaji wa Osmo Mobile 6 wanaandika kwamba inatumika karibu saa 6 na nusu ikiwa telefone imesawazishwa vizuri, na inajaa kwa saa moja na nusu. Saa zile zinatosha arusi ya kutoka kanisa mpaka sale, kama kijana anazimisha chombo wakati wa hotuba ndefu. Lakini batiri yake haitoki. Ikikwisha, hauwezi kuweka ingine. Uliza basi: naweza kuchaji na pawabanki wakati naendelea kupiga? Chaja yake ni ya USB-C sawa na ya telefone yangu? Kama waya ni mmoja kwa vyote viwili, umepunguza shida nusu.

Tena, gimbali nyingi za telefone hazikutengenezwa kwa ajili ya mvua, na mvua yetu haipigi hodi. Kwenye pirogi kule kwa Wagenia, kando ya maporomoko, matone yanaruka mpaka usoni. Weka chombo ndani ya mfuko wa plastiki mpaka wakati wa kupiga. Ukirudi, kipanguse na kitambaa kikavu. Kibakishe kwenye sanduku linalofunga vizuri pamoja na vile vipaketi vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Unyevu wa msitu unakula moteri polepole, bila kelele.

Neno moja kwa wapenda pikipiki. Mwezi wa 9 mwaka 2021, Apple ilionya kwamba mtetemo mkali wa pikipiki kubwa unaweza kuharibu kamera ya telefone kama imefungwa moja kwa moja kwenye usukani, juu ndani yake kuko kifaa kidogo sana cha kutuliza picha. Kwa barabara inayokwenda Bafwasende, telefone ikae mfukoni ao ndani ya begi yenye nguo. Ukitaka kupiga video ya njiani, keti nyuma na kushika gimbali mkononi. Mwili wako utameza sehemu kubwa ya mtetemo.

Programu kabla ya msitu

Hili limewashinda wengi. Gimbali za DJI zinaomba kufunguliwa mara ya kwanza kwa njia ya programu inayoitwa DJI Mimo, na kufungua kule kunaomba intaneti. Kwenye telefone za Android, programu ile haupati kwenye duka la Google Play. Unaichukua kwenye ukurasa wa DJI wenyewe. Sasa wazia mtu ananunua chombo mjini asubuhi, anapanda pikipiki bila kufungua kartoni, anafika machimboni mahali reseau haifiki. Kazi inakwama palepale.

Kila kitu kifanywe mjini, mbele ya muuzaji kama inawezekana: kuweka programu, kufungua chombo, kuhakikisha kwamba telefone na gimbali vinasikilizana. Telefone za zamani ao zenye memwari ndogo zinaweza kukataa programu, ao kuikubali kisha kukwama kila mara. Kujua hilo ukiwa butikini ni afadhali kuliko kulijua mbele ya maarusi.

Kama muko na kamera kubwa

Kuko vijana waliokwisha kupita telefone. Hesabu yao ni ileile ya mizani, lakini sasa ni kilo. DJI RS 3 Mini, iliyotoka mwaka 2023, inabeba mpaka kilo 2. Chukua Canon 5D Mark IV: mwili wake na batiri ni gramu 890. Weka lensi ya 24-70 yenye gramu 805. Jumla ni karibu kilo 1 na gramu 700. Kwa karatasi inaingia, lakini lensi ile inavuta uzito mbele, mwili wa kamera ni mpana, na ukiongeza mikro na taa umebanwa. Chombo kile kilifikiriwa kwa kamera ndogo za siku hizi. Kwa kamera nzito, tafuta gimbali inayobeba kilo 3 na zaidi. Tusisahau pia mkono wa binadamu: kamera ya kilo moja na nusu pamoja na gimbali ya kilo moja na nusu ni kilo 3 mbele ya kifua, saa nzima. Wachimbaji wanajua tofauti ya kubeba kilo 3 dakika tano na kubeba kilo 3 mpaka jioni.

Gimbali za kamera zinaomba kusawazishwa kwa mkono kabla ya kuwashwa. Kamera ikae mahali unapoiacha, isianguke mbele wala nyuma, hata moteri zikiwa zimezimwa. Gimbali ya telefone nayo usiiwashe ikiwa tupu: funga telefone kwanza, kisha washa.

Mkono uliokuja kabla ya chombo

Mji huu umezaa mpiga filamu ambaye dunia inamjua: Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984. Mwaka 2014 alitoa Examen d'État, juu ya wanafunzi wa hapa wanaopigania diploma yao. Mwaka 2020 akatoa En route pour le milliard, juu ya watu wetu walioumizwa katika Vita vya Siku Sita, mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji. Watu wale, wengine bila mguu, wengine bila mkono, wanapanda mashua na kushuka mto zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kinshasa kudai haki yao. Hamadi alishika kamera yeye mwenyewe, katikati ya abiria, na filamu ikachaguliwa kwa Cannes mwaka ule. Anayeiangalia hahesabu mitetemo. Anaangalia nyuso za watu.

Hatusemi hivi ili kudharau chombo. Tunasema hivi juu gimbali haimfundishi mtu asimame wapi, wala amkaribie nani, wala lini anyamaze na kungoja. Tena kuko njia zisizoomba dola. Shika telefone kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu. Egemea ukuta ao mti. Funga kamba chini ya telefone, kanyaga ncha yake, vuta juu mpaka kamba ikaze: mkono unatulia palepale. Washa kituliza-picha kilicho ndani ya telefone yenyewe, ukijua tu kwamba kinakata kidogo pembeni mwa picha. Kwenye matanga, mahali watu wameketi, trepie ya kawaida inafanya kazi kuliko gimbali yoyote.

Na sauti? Gimbali haina habari na sauti. Mchimbaji aliye mbali anataka kusikia mjomba amesema nini wakati wa kukabidhi mali. Mara nyingi mikro ndogo ya kubana kwenye shati inaongeza thamani ya video kuliko fimbo.

Hesabu ya familia

Osmo Mobile 6 ilipotoka mwaka 2022, bei yake Marekani ilikuwa dola 159. RS 3 Mini ilikuwa dola 369. Mpaka chombo kifike kwetu, kuko ndege ao boti, kuko dwani, kuko faida ya muuzaji. Uliza bei mahali tatu.

Kisha fanyeni hesabu pamoja. Tuseme chombo kimefika dola 200. Tuseme kwa kuwa nacho kijana anaweza kuomba dola 20 zaidi kwa kila arusi. Anaomba basi arusi 10 ili kurudisha feza, kabla hajapata hata franka moja ya faida. Arusi zile 10 ziko wapi? Amekwisha kupiga ngapi kwa mkono tu? Mtoto aliyepiga arusi tano bila gimbali, na watu wakamlipa, anaomba chombo cha kazi. Mtoto ambaye hajapiga hata moja anaomba kitu cha kuonyesha kwenye kartie. Papa anaweza kumwambia kwa upole: anza na kamba na mikro, nionyeshe kazi tatu, kisha tutazungumza.

Na kama papa anatoa feza, mkubaliane kama vile mnavyokubaliana kwenye shimo. Machimboni kila mtu anajua: anayelisha wachimbaji iko na sehemu yake siku mchanga unapooshwa. Andikeni karatasi: chombo ni cha nani, kikivunjika nani anatengeneza, kwa kila arusi kiasi gani kinakwenda kwenye masomo ya wadogo. Karatasi ya leo inazuia ugomvi wa kesho kati ya yaya na mdogo wake.

Siku ya kununua

Nenda na telefone ile utakayotumia, ikiwa na kava yake. Hesabu moteri tatu. Funga telefone, kisha washa. Simama bila kutembea dakika moja: picha isiteleze yenyewe upande mmoja. Kama inateleza, omba muuzaji asawazishe sensa zake juu ya meza iliyo sawa, kisha jaribu tena. Tembea mpaka mlangoni na kurudi. Iache ikifanya kazi dakika kumi na tano: mlio mkali, moto kwenye moteri, mtetemo mdogo usiokwisha, vyote vitatu ni sababu ya kurudisha feza mfukoni. Chomeka waya, uone kama inachaji kweli. Kamata risiti yenye jina la butike na tarehe, na uulize siku ngapi za kurudisha kama kimeharibika.

Mwisho, neno kwa wanaotaka kupeleka kamera machimboni. Omba ruhusa kwa PDG na kwa wakubwa wa eneo kabla ya kutoa chombo kwenye begi. Usipige mizani wala mkono wenye dhahabu ao jiwe, wala uso wa mtu ambaye hakukubali, juu video inasafiri kuliko miguu yako, na mwizi naye iko na telefone. Karibu na kambi ya jeshi ao kiwanja cha ndege, acha kabisa. Piga kile ambacho nyumbani wanangojea: papa yuko mzima, anacheka, anawasalimia watoto kwa majina yao. Dakika mbili zinatosha, mradi mama aone uso wake vizuri.